Sungura ameondoka mlimani: wazazi tujifunze nini?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Wasomaji wetu watukufu, safu hii leo inasafiri mbali kidogo. Tunakwenda Marekani, kwenye bustani za burudani za kampuni ya Disney, ambako mchezo mmoja mashuhuri wa familia ulifungwa mwaka 2023 na kufunguliwa tena mwaka 2024 ukiwa na sura nyingine na hadithi nyingine. Huenda mzazi akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi wenye ada za madrasa za kufikiria? Tunamwomba subira. Ndani ya jambo hilo yumo Sungura wa hadithi za bibi zetu, yumo Muislamu aliyetekwa akapelekwa utumwani pamoja na elimu yake, na limo swali linalotukabili kila tunapotaka kubadili kitu kilichozoeleka: nani ana haki ya kuhuzunika, na nani ana haki ya kudai mabadiliko?

Mlima wa maji

Mchezo wenyewe uliitwa Splash Mountain. Ulifunguliwa mwaka 1989 katika bustani ya Disneyland, huko Anaheim, California. Mwaka 1992 ikafunguliwa mingine miwili ya namna hiyo hiyo, mmoja Florida na mmoja Tokyo, nchini Japani. Abiria hukaa katika mashua iliyochongwa mfano wa gogo, ikaelea taratibu katika mfereji uliopita ndani ya mlima wa kutengenezwa, mbele ya masanamu ya wanyama yanayojongea na kuimba. Mwishoni mashua hupandishwa juu kabisa, kisha huachiwa kutoka kimo cha mita 16 hivi, na kila mtu hulowa. Mtoto aliyewahi kuteleza katika bustani ya maji ya Kunduchi, au aliyepanda bembea za sikukuu pale Mnazi Mmoja, Unguja, anaijua hofu hiyo yenye raha ndani yake.

Hadithi iliyosimuliwa njiani ni ya Sungura aliyechoka na kwao akatoka kwenda kutafuta maisha mengine. Mbweha na Dubu wakamwinda, wakamnasa kwa asali. Alipoona mauti yamemkabili, akawasihi wamfanye lolote ila wasimtupe katika kichaka cha miiba. Wao kwa chuki wakamtupa huko huko, kumbe ndiko alikozaliwa, na akatoka salama akiwacheka.

Tarehe 25 Juni 2020, mwezi mmoja kamili baada ya George Floyd kuuawa na askari polisi mjini Minneapolis, kampuni ilitangaza kuwa Sungura ataondolewa katika mabustani yake ya Marekani. Mahali pake patakuwa na hadithi ya Tiana, mpishi wa mji wa New Orleans, mhusika mkuu wa filamu ya katuni ya mwaka 2009 na binti mfalme wa kwanza Mmarekani Mweusi katika filamu za kampuni hiyo. Mchezo wa Florida ulifungwa Januari 2023, wa California ukafungwa mwishoni mwa Mei mwaka huo huo. Mchezo mpya ulifunguliwa Florida tarehe 28 Juni 2024, na California tarehe 15 Novemba 2024. Huko Tokyo, Sungura alibakishwa.

Vilio, shangwe na maji ya chupa

Wapenzi wa bustani hizo waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilihuzunika. Hawa ni watu waliopanda mashua hizo wakiwa wadogo pamoja na wazazi wao, na sasa walikuwa wakiwaleta watoto wao. Maelfu yao walitia saini maombi ya kutaka mchezo usiguswe. Siku za mwisho walisimama katika foleni kwa saa nyingi ili wapande mara moja tu ya kuaga. Wapo waliochota maji ya mfereji ule, wakayatia katika chupa na mifuko, na maji hayo yakatangazwa kuuzwa mtandaoni kama kitu cha thamani.

Kundi la pili lilifurahi. Nao walikuwa wametia saini maombi yao, kwa maelfu vilevile, wakisema mchezo ule umejengwa juu ya filamu iliyowadhalilisha babu zao, na kwamba kwa miaka 30 watoto wao walikuwa wakiimbishwa nyimbo za filamu hiyo bila kuambiwa zimetoka wapi.

Kundi la tatu lilisubiri kuona. Mchezo ulipofunguliwa, hawa waliisifu kazi ya masanamu mapya, yanayojongea karibu kama watu hai, lakini wakalalamika kuwa hadithi ni nyepesi. Tiana anatafuta wanamuziki wa sherehe yake, na hakuna adui wala hatari. Kwa hiyo mashua inapoporomoka, msikilizaji hajui kwa nini imeporomoka. Walilalamikia pia kusimamasimama kwa mitambo katika siku za mwanzo.

Tumeyataja makundi yote matatu kwa makusudi. Aghalabu katika mizozo ya namna hii kila upande huupa upande wa pili jina baya: huyu mbaguzi, yule mchochezi. Muislamu hakufundishwa hivyo. Suratul Hujurat inatutaka tuchunguze habari kabla ya kuwahukumu watu, na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa watu kuwadharau watu wengine. Basi na tuchunguze.

Hadithi ilitoka wapi

Sungura yule alichukuliwa katika filamu ya mwaka 1946 iitwayo Song of the South. Filamu nayo ilichukuliwa katika vitabu vya Joel Chandler Harris, mwandishi mweupe wa jimbo la Georgia, ambaye kitabu chake cha kwanza cha hadithi hizo kilitoka mwaka 1880. Harris alipokuwa kijana, katika miaka ya 1860, alifanya kazi ya uchapaji katika shamba moja kubwa lililokuwa na watumwa. Jioni alikuwa akienda vibandani mwao kuwasikiliza wazee wakisimulia. Alipokuja kuandika, akawatia wazee wote hao katika mtu mmoja wa kubuni, akamwita Mjomba Remus.

Hapa lugha yetu inaweza kutupoteza. Kwetu sisi mjomba ni mtu wa heshima. Mtoto humkimbilia na harusi humngoja. Lakini katika nchi ile na zama zile, mzungu alimwita mzee mweusi mjomba kwa sababu hakutaka kumwita Bwana. Neno la udugu lilitumika kumnyima mtu heshima yake.

Filamu ilimwonyesha mzee huyo akiishi shambani kwa furaha kubwa, akiimba, hana dai wala jeraha, kana kwamba dhuluma ya karne nzima haikuwahi kupita. Si kweli kwamba watu wamekuja kuikosoa juzi. Chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, NAACP, kiliilalamikia mwaka ule ule ilipotoka. Na tazameni jambo hili: James Baskett, mwigizaji aliyecheza nafasi ya mzee huyo, hakuhudhuria onyesho la kwanza la filamu yake mwenyewe mjini Atlanta, kwa kuwa mji ule ulikuwa chini ya sheria za ubaguzi na asingeruhusiwa kukaa pamoja na wenziwe. Mwaka 1948 alipewa tuzo maalumu ya Oscar, akiwa mwanamume mweusi wa kwanza kuipata, na mwaka huo huo akafariki dunia. Kampuni yenyewe iliacha kuionyesha filamu hiyo katika sinema za Marekani tangu mwaka 1986, wala haikuiuza huko katika kanda za nyumbani. Lakini miaka mitatu baadaye ikafungua mchezo uliotokana nayo. Mzee hakuwekwa mlimani. Wanyama wake na wimbo wake viliwekwa.

Sungura ni wa nani?

Msomaji wetu bila shaka ameshamtambua Sungura huyu. Ni yule yule. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kusini husimuliwa kuwa wanyama walichimba kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kuchimba, kisha akawa anaiba maji usiku. Kobe akapakwa ulimbo mgongoni, akajificha majini, na Sungura alipomkanyaga akanasa. Simulizi ya kunasa kwa ulimbo imepatikana katika vitabu vya Harris, na imepatikana Bara Hindi pia. Na katika hadithi za Unguja zilizokusanywa na George Bateman na kuchapishwa mwaka 1901, Simba amemkamata Sungura na anataka kumla. Sungura anamfundisha namna ya kumuua: mshike mkia, umzungushe, kisha umpige chini. Simba akamzungusha, Sungura akachopoka, akaenda zake. Ni hila ile ile ya kichaka cha miiba: mnyonge anamwachia mwenye nguvu achague, na mwenye nguvu anachagua kumwokoa.

Waliotekwa na kuvushwa bahari hawakuruhusiwa kubeba kitu. Walibeba hadithi. Na walichagua kuwasimulia watoto wao juu ya mnyama mdogo asiye na pembe wala kucha, aliyeishi kwa akili katikati ya wenye meno. Hawakuhitaji kuwafafanulia Simba ni nani.

Katika jimbo hilo hilo la Georgia, kisiwani Sapelo, aliishi Bilali Muhammad, Muislamu wa Futa Jallon, nchi ambayo sasa imo katika Guinea. Alitekwa akiwa kijana, akapelekwa Bahama na kisha Sapelo mwanzoni mwa karne ya 19. Aliacha hati ya kurasa 13 iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambayo sasa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Georgia. Wageni waliidhania kuwa shajara yake. Wanazuoni walipoisoma, wakakuta ni maneno ya fiqhi ya madhehebu ya Imam Malik, yahusuyo udhu, adhana na sala. Mtu amevuliwa kila kitu, yuko mbali na msikiti na mwalimu, na anachokikumbuka na kukiandika ni namna ya kutawadha.

Miongoni mwa binti zake walikuwamo Fatima na Medina. Katika miaka ya 1930 wazao wake walihojiwa wakiwa wazee, wakaeleza jinsi wakubwa wao walivyosali kwa nyakati maalumu, kwa mkeka na tasbihi, na jinsi bibi yao alivyokuwa akipika vijibofulo vya mchele siku moja kila mwaka na kuwagawia watoto. Wakasema vilikuwa vikiitwa saraka. Hawakujua tena maana yake. Sisi tunaijua: ni sadaka.

Harris naye mwaka 1896 aliandika kitabu juu ya mtu aliyemwita mwana wa Ben Ali, na Ben Ali ni jina ambalo Bilali alijulikana kwalo. Hivyo mkono ule ule uliomfikisha Sungura kwenye filamu na mlimani uliligusa pia jina la huyu Muislamu.

Al-Kaaba na masanamu

Sasa turejee kwa wapenzi wa ule mchezo. Je, waliolia walikosea? Katika sira yamo matukio mawili yanayotupa mizani.

La kwanza ni la Ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliyakuta masanamu 360 yakiizunguka Al-Kaaba. Hayakuachwa kwa hoja kuwa watu wameyazoea au kwamba babu zao waliyapenda. Yaliondolewa siku ile ile, kwa sababu yalikuwa batili iliyo wazi.

La pili ni la jengo lenyewe. Imepokewa kwa bibi Aisha (R.A.) katika Sahihi mbili kwamba Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa, lau si watu wake kuwa wametoka karibuni katika ukafiri, angeibomoa Al-Kaaba na kuijenga upya juu ya misingi ya Nabii Ibrahim (A.S.), kwani Maquraishi waliipunguza walipoijenga. Alikuwa na uwezo, na lililokusudiwa lilikuwa la haki. Lakini alizitazama nyoyo za watu, akaacha. Baadaye Abdullah bin Zubair (R.A.) aliijenga kwa sura hiyo, alipouawa mwaka wa 73 Hijria, Al-Hajjaj akairudisha ilivyokuwa. Na mmoja wa makhalifa wa Banu Abbas alipotaka kuibadili tena, Imam Malik alimsihi asifanye hivyo, Nyumba ya Mwenyezi Mungu isije ikawa mchezo wa wafalme, kila ajaye anabomoa na kujenga.

Tunapata hapa mambo mawili yasiyopingana. Dhuluma na batili haingojewi mpaka ipendeze wote. Mazoea si hoja ya kuiacha. Lakini penye nafasi, mwenye hekima huzihurumia nyoyo, wala hawacheki wenye kuhuzunika. Aliyelia kwa sababu baba yake marehemu alimshika mkono katika mashua ile, huzuni yake ni ya kweli na haina dhambi. Aliyelia kwa kutaka tusi liendelee ili yeye astarehe, huyo amekosea. Na mtu mmoja anaweza kuwa na sehemu ya yote mawili, ndiyo maana hukumu ya haraka haifai.

Birika la msikiti

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti tunalijua jambo hili bila kwenda California. Itajeni mbele ya wazee habari ya kuondoa birika la kutawadhia na kuweka mabomba, kisha sikilizeni. Kijana atasema mabomba ni safi zaidi na maji hayapotei. Mzee atasema hapo ndipo alipofundishwa udhu na babu yake. Wote wawili wanasema kweli. Kamati inayomcheka mzee itapata mabomba na kumpoteza mzee. Na kamati inayomwogopa mzee itaendelea na maji yasiyofaa. Utaratibu mwema ni kumwita mzee kabla ya fundi, kumweleza sababu, na kumwomba awe wa kwanza kutawadha siku ya kufungua. Tumeona likifanyika, na tumeona linavyotuliza.

Mchezo mpya nao

Haki inatutaka tuseme pia kuwa kilichokuja si kisafi chote. Tiana ni msichana mchapakazi, na watunzi wake walimtazama kwa sehemu Leah Chase, mpishi mashuhuri wa New Orleans aliyefariki mwaka 2019. Hilo ni jema: binti mweusi anamwona mfano wake akiheshimiwa. Lakini katika mchezo huo yumo pia bibi mwenye uganga, anayewapunguza abiria wakawa wadogo kama vyura, na filamu yake imejaa mambo ya uchawi yaliyofanywa burudani. Mzazi Muislamu mwenye watoto huko Marekani, au mwenye watoto wanaoangalia katuni hizo kwa simu hapa nyumbani, hapaswi kuridhika kwa kuwa mhusika ni mweusi. Kuondolewa kwa dhuluma moja hakuhalalishi sihiri.

Tena lipo jambo linalotusikitisha zaidi. Tusi lilikuwa katika namna ya kusimulia. Sungura hakuwa na kosa. Yeye alikuwa mali ya wale waliodhulumiwa, akachukuliwa, akavishwa nguo za wenye mashamba, akauzwa kwa tiketi, na ilipofika siku ya kusafisha akatolewa nje kama mshitakiwa. Hakurudishwa kwa wenyewe. Kampuni haikuwa na wajibu huo, wala hatuitarajii kuubeba. Wajibu ni wa wenyewe.

Tufanye nini nyumbani

Kwanza, tuwasimulie watoto. Baada ya Isha, kabla ya kulala, dakika kumi zatosha. Wana visa vya Mitume, ambavyo ndivyo bora. Na wana Sungura na Kobe, vya kuwafunza akili na adabu. Bibi akiwa hai, asiachwe akae peke yake chumbani ilhali watoto wako sebuleni na simu.

Pili, tuwaulize watoto wanachokiangalia. Tusiishie kusema haramu na kuzima. Tuwaulize: hadithi hii inamcheka nani? Nani anaonyeshwa mjinga? Je, mtu huyo angekuwa wewe? Mtoto aliyefundishwa kuuliza hivyo atailinda nafsi yake hata tusipokuwapo.

Tatu, tuwafundishe jina la Bilali Muhammad kama tunavyowafundisha jina la Bilal bin Rabah (R.A.). Wajue kuwa sala wanayoivivia alfajiri, kuna mtu aliyeishika kwa mkeka mmoja katika kisiwa cha utumwa.

Nne, tunapolazimika kubadili kitu, kiwe cha msikiti au cha nyumbani, tueleze, tushauriane, na tusiwadharau wenye kumbukumbu nacho.

Wajukuu wa Sapelo walilihifadhi neno saraka wakapoteza maana yake, nao wana udhuru mbele ya Mola wao, kwani walitenganishwa kwa minyororo. Sisi hatuna udhuru huo. Bibi yuko chumba cha pili.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu tunapopenda na tunapochukia, na awahifadhi watoto wetu katika dini na asili yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.